Kamera Tupu ya Mzee Ahmadi

Kila asubuhi Mwanvita alifungua studio ya baba yake pale Morogoro mjini, akafuta vumbi kwenye lenzi ya kamera. Mzee Ahmadi, aliyekwisha pofuka, aliketi karibu yake akisikiliza. Nuru ya macho ilimtoka, lakini masikio yalibaki makali.

"Inachelewa kufunga," alisema siku moja bintiye alipobonyeza kitufe cha kamera. "Ukungu wa mlimani umeingiza unyevu. Ifungue uisafishe."

Mwanvita akachukua bisibisi ndogo. Jana yake mjomba alikuwa amempigia simu kutoka kijijini Mlali: shamba la ukoo wa mama yake lilikuwa likimngoja, na asipokwenda kulima msimu huu, angepewa mwingine. Alikuwa amelitamani shamba lile tangu mama yake afariki.

"Baba, tufunge studio twende Mlali."

"Na watu atawapiga picha nani, mwanangu?"

Mwanvita akaifungua kamera, akaisafisha. Angemwambiaje kwamba filamu ya mwisho iliisha miaka mitatu iliyopita, na kwamba wateja anaomsimulia kila jioni hawapo? Alianza kudanganya kwa huruma, asije mzee akavunjika moyo. Sasa uongo ule ulikuwa umemfungia ndani yeye mwenyewe.

Akarudisha skrubu, akavuta kimkono cha kusogeza filamu, akabonyeza.

"Hapo sawa," mzee akasema, uso ukimchangamka. "Kamera hii itatuzika sote."

Mwanvita akatoka kibarazani, akampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba. Shamba mpe mwingine."