Niliwazuia Wenzangu Kuitengeneza Programu ya Kwaya

Kosa ni langu, si la vita! Vita nimevisingizia vya kutosha.

Miaka ile ya vita hapa Bujumbura watu wengi walikuwa wamekimbia makwao bila kubeba vitabu vya nyimbo. Mimi, karani wa Kigobe mpenda kompyuta, nikaandika programu ya kupanga nyimbo kwa sauti zote nne na kuzichapa. Nikaigawa bure kwa disketi, pamoja na maandishi yake ya ndani yanayoiendesha, nikatangaza: "Ni yetu sote, anayeweza aitengeneze!" Kwaya kuanzia Musaga hadi Buterere zikaniita fundi. Wee, kichwa kilivyovimba!

Kumbe ilikuwa na kasoro. Wimbo ukizidi beti sita, sauti ya besi inapotea, wanaume wanabaki wamekodoa macho.

Dada Furaha, mkimbizi kutoka Uvira aliyefundisha kwaya Buterere, alinishinda kwa kompyuta. Akairekebisha kasoro ile, akaniletea disketi ndani ya bahasha ili niiweke kazi yake kwenye programu ya wote. Nikamshukuru kwa meno yote thelathini na mawili, kisha nikaitupa kwenye droo. Wivu, jamani! Niliogopa sifa zingehamia kwake.

Baada ya mwezi akaja kuuliza.

"Niliisoma, lakini iko na makosa mingi," nikamwambia.

"Basi nipe nione, kaka."

Nikampa. Akaigeuza bahasha. Gundi haikuwa imebanduka hata kidogo! Nilitamani ardhi inimeze.

"We haukufungua," akasema tu, akaondoka nayo. Wenzetu wawili waliokuwa wakileta marekebisho waliposikia, nao wakaacha.

Mwaka uliofuata nikapata mapacha. Usingizi sina, muda sina, na kwaya zinanitafuta kila Jumapili niitengeneze! Kompyuta mpya zilipoingia mjini, programu ikagoma kabisa kufunguka. Nikaenda Buterere, nikawakuta wanakwaya wa Furaha wameshika madaftari ya nyimbo aliyowaandikia kwa mkono.

"Dada, chukua programu yote, iwe yako."

"Apana, kaka. Wakati ule mi nilikuwa na hamu. Sasa hamu iliisha."

Akanikaribisha chai, tena kwa upole. Heri angenitukana!

Ndugu zangu, ukianzisha kitu cha wote, usikikalie kama kuku anayeatamia. Anayekusaidia bila malipo anataka kusikilizwa tu. Mimi nilimnyima hata hilo, na sasa programu ni yangu peke yangu, haimfai mtu.