Majivu ya Nguzo Yaliyoua Ng'ombe wa Nabwile

Ni saa tano asubuhi mjini Kiminini, na Nabwile Wafula anageuza maandazi mbele ya lango la kiwanda cha kutibu nguzo za umeme. Mwanamke mmoja anapita na mzigo wa vipande vya mbao za kijani kichwani. Nabwile anayaacha mafuta yakichemka, anamfuata na kumshika mkono.

"Dada, tupa hizo," anamwambia. "Usipikie watoto wako sumu."

Mwanamke anasita. Nabwile anamjazia mkebe wa makaa yake mwenyewe, na mzigo unabaki pale chini.

Miaka miwili iliyopita, Nabwile alikuwa akipikia mbao hizo hizo. Nguzo hulowekwa dawa ya kijani yenye sumu ya aseniki ili mchwa wasizile, na vipande vinavyokatwa miishoni viligawiwa wafanyakazi wawe na kuni. Mumewe, Absalom, aliyekuwa akipanga nguzo kwenye tangi la dawa, alivileta nyumbani kila Jumamosi.

"Walituambia ati ni shukrani," anasema Nabwile. "Na sisi tukasema asante."

Majivu aliyamwaga nyuma ya jikoni. Machi mwaka jana, ng'ombe wake, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomsomesha mwanawe Derrick, alikata kamba akaenda kuyaramba kwa sababu ya ladha yake ya chumvi. Jioni alikuwa akiharisha damu na kutetemeka. Kulipokucha alikuwa amekufa, na mtamba wake pia amekufa pembeni.

Meneja wa kiwanda alisema ni ndigana, homa inayoletwa na kupe. Nabwile hakuridhika. Alimwita daktari wa mifugo kutoka Kitale, Kemboi, ambaye alimpasua ng'ombe na kupeleka sampuli maabara. Jibu liliporudi lilitaja aseniki.

Kemboi alimweleza kwamba sumu hiyo haiteketei kwa moto. Mbao ikiungua, sehemu ya sumu hubaki kwenye majivu, nyingine hupaa na moshi. Hapo Nabwile akakumbuka kikohozi cha watoto kisichopona, na viganja vya mumewe vilivyokakamaa kama magamba. Absalom alikuwa akilalamika miguu kufa ganzi, naye akidhani ni uchovu.

"Ng'ombe alikufa siku moja," anasema, sauti ikipanda. "Sisi tunakufa pole pole. Na hao watu wanajua. Mapipa ya dawa yanakuja na picha ya fuvu. Glavu, mzee wangu alikuwa anapewa siku wakaguzi wanakuja, wakienda zinarudishwa stoo."

Aliyoyajua aliwaambia majirani, na wengine wakamcheka. Kisha mwezi wa Juni pikapu ya kiwanda ikatoka langoni imejaa vipande vya kijani, imefungwa bango la kutangaza msaada. Zilikuwa kuni za jiko la shule moja ya msingi huko Tongaren.

Nabwile alisimama katikati ya barabara. Dereva, Muturi, alipiga honi, akamwomba apishe kwa kuwa yeye ametumwa tu. Watu wakajaa. Nabwile hakusogea, alimnyoshea simu yake azungumze na Kemboi.

Muturi alisikiliza kwa muda mrefu. Alipomaliza alimrudishia simu.

"Mama Derrick, mimi pia nina mtoto shuleni," alisema, akageuza gari na kurudi ndani na mzigo wote.

Siku hiyo hiyo Absalom alifutwa kazi. Nabwile alimngoja nyumbani akiwa na hofu kwamba lawama zote zitamwangukia. Absalom aliketi, akajimiminia chai.

"Ungenyamaza," alisema, "wale watoto wa shule wangekula nini? Sumu."

Sasa familia inaishi kwa maandazi. Absalom anahudhuria kliniki mjini Bungoma, na madaktari wamemwambia ganzi ya miguu huenda isiishe. Kiwanda hakijamlipia hata nauli. Vipande bado vinatoka langoni, ingawa siku hizi vinatolewa kwa siri.

Nabwile amewakusanya wake za wafanyakazi. Wiki ijayo wanakwenda ofisi za kaunti kudai kila mwanamume wa kiwanda apimwe, na mabaki yote yafukiwe mbali na maji na mifugo.

"Pole yao sitaki," anasema, akirudi kwenye karai lake. "Wapime hao wanaume wote, na gharama iwe ya kiwanda. Mpaka hiyo siku, nitauza maandazi hapa hapa langoni, na kila gari ikitoka nitaangalia imebeba nini."