Mkono wa Kulia na Manowari za Angani

Mimi nina hasira za karibu tangu utotoni, sikatai. Lakini siku niliyomfokea baba yangu mzazi, Mungu anisamehe, sababu ilikuwa jeshi la merikebu zinazoruka ndani ya televisheni.

Tulikaa Changamwe, nami nilikuwa darasa la saba, miaka ya tisini ndiyo kwanza imeanza. Baba alikuwa dereva wa kreni bandarini. Siku moja ya mapumziko alikwenda Kongowea kumsaidia rafiki yake kushusha viazi, ubao wa nyuma wa lori ukachomoka ukamwangukia mkono wa kulia. Mifupa iliunga, ila vidole vilikakamaa, na gumba ndilo lililogoma kabisa. Kazini wakampa miezi mitatu. Ikitimia angepandishwa kwenye kreni apimwe. Mkono ukivimudu vishikio, arudi kitini pake. Ukishindwa, basi, kazi imekwisha. Daktari alimpa mpira wa kufinya. Aliufinya siku mbili, siku ya tatu akautupa uani kwa paka.

Mjomba wangu alikuwa baharia, na wakati huo alikuwa ametoka Japani na mashine ya michezo na kaseti moja. Alipouona ule mpira uani alicheka, akaenda kuileta mashine yake.

"Shemeji, chukua hii," akamwambia baba. "Ina vitufe vya kubonyeza. Hilo gumba lako halitapata nafasi ya kulala. Nikipata meli nyingine nitakuja kuichukua."

Maandishi yalikuwa ya Kijapani matupu, lakini hadithi uliielewa kwa macho. Palikuwa na mfalme mwenye manowari tisa za angani, matanga mekundu, mizinga imejipanga tumboni. Mwanzoni zililinda vijiji vya watu wake. Kisha mfalme akaingiwa na tamaa, zikaanza kuchoma vijiji vile vile zilivyokuwa zikivilinda. Wewe mchezaji ulikuwa seremala mwenye chombo kimoja kibovu ulichokiunda kwa mkono wako. Unazunguka nchi nzima, unaongea na watu, unakusanya mbao na panga, na mwisho huna njia ila kupita katikati ya jeshi lile. Iliyokuwa kubwa kuliko zote mama aliiita Nyangumi, na akailaani kila alipopita na sinia la mchele.

Kitufe cha kupandisha chombo kilikuwa chini ya gumba la kulia. Hapo ndipo mjomba alipotaka baba alazimike kulitumia.

Lo, baba alikuwa hajui! Manowari ya kwanza ilitupiga siku nne mfululizo. Chombo kinakwenda kugonga mlima, naye anaangalia pembeni, ukutani, palipotundikwa kalenda.

"Baba, unatazama nini huko?"

"Namtafuta mpiga ishara," akasema, kisha akajicheka mwenyewe.

Hakuwa akifanya mzaha. Dereva wa kreni hautazami mzigo, maana kutoka juu hauoni vizuri. Anamtazama mtu aliyesimama chini, na mkono wa mtu huyo ndio macho yake. Kwa miaka yote ya kazi baba hakupata kuinua kitu bila kuonyeshwa. Macho yake yalikwisha kuzoea hivyo.

Basi akanifundisha. Kidole juu kikizunguka, inua. Kidole chini, teremsha. Kiganja kikisukuma hewa, sogea upande huo. Ngumi, simama hapo hapo. Kila baada ya alasiri nilisimama kando ya televisheni, uso nimeugeuzia kwenye kioo, mkono nimemnyooshea baba. Wallahi, tulianza kushinda! Ikaanguka ya kwanza, ikaanguka ya pili, mpaka mwezi wa pili unakwisha manowari saba zilikuwa chini. Majirani walichungulia dirishani kunitazama nikipunga mikono kama askari wa barabarani, na mimi sikujali hata kidogo. Nilijua kila manowari inayoanguka inamrudisha baba kwenye kiti chake.

Siku tuliyoiangusha ya nane nikamgeukia kwa furaha kabla hajawahi kujiweka sawa. Kile kidude chenye vitufe kilikuwa kimelazwa pajani, vidole vya kushoto vinarukaruka pande zote mbili. Mkono wa kulia alikuwa ameuficha chini ya kikoi.

Damu ilinipanda kichwani.

"Baba, unanidanganya! Siku zote hizi unanidanganya!"

"Ebo! We mwana, huyo ni babako!" mama akanipigia kelele kutoka jikoni.

Baba hakunikemea. Aliutoa mkono chini ya kikoi, akautazama.

"Unauma," akasema. "Unauma sana, mwanangu."

Nikaanza kulia, lakini hata kilio hakikunituliza. Nilichukua leso ya mama iliyokuwa kitini, nikaufunga mkono wa kushoto wa baba kiunoni, fundo juu ya fundo, naye akaniachia. Kisha nikaufuta mchezo wote tuliocheza. Tukaanza tena kwenye manowari ya kwanza.

Mwezi uliobaki baba alicheza kwa mkono wa kulia peke yake, kidude pajani, akiuma meno, jasho likimtiririka. Gumba lilisogea, kidogo, kisha kidogo tena. Vidole vingine vilifunguka vizuri zaidi. Tulifika tena kwa Nyangumi, na mara zote ilitushinda, kwa sababu gumba lilichelewa nusu pumzi. Hakuomba kufunguliwa leso hata siku moja.

Siku ya kupimwa alirudi alasiri. Nilimpa shikamoo mlangoni, akaitikia, akakaa akivua viatu polepole mno.

"Gumba limechelewa," akasema. "Kiti wamempa kijana mwingine."

Mama akaketi hapo hapo alipokuwa. Mimi nilitaka kuivunja ile mashine.

"Ngojeni," baba akasema. "Mkubwa wetu wa kazi akaniuliza, sasa wewe unaweza nini? Nikausimamisha mkono." Akauinua mkono wa kulia. Kidole kikazunguka juu, kikateremka, kiganja kikasukuma hewa, vidole vikafumba ngumi, kila ishara wazi na imara. "Kesho naanza. Nitasimama chini, nimwonyeshe huyo kijana."

Alisema hivyo bila kulalamika, lakini nilijua anavyokipenda kile kiti, na iliniuma sana. Akaona.

"Mjomba wako amepata meli, kesho anakuja kuchukua vitu vyake," akasema. "Haya, shika wewe."

Akaenda kusimama pale pale nilipozoea kusimama mimi, kando ya televisheni. Nikakishika kile kidude, nikayakaza macho kwenye vidole vyake vitano, na sikuyatoa. Inua. Inua. Kushoto. Teremsha. Ngumi. Inua!

Mama alipiga kigelegele mpaka jirani akaja mbio. Mpaka leo huwasimulia watu jinsi Nyangumi ilivyopasuka katikati, matanga yake yakawaka, ikashuka taratibu ikaishia baharini. Mimi sikuiona ikianguka. Nilikuwa nautazama mkono wa baba.