Shimo la Mbah Wagiyem

Mtaani kwetu, nje kidogo ya Yogyakarta, koleo likigonga tofali la kale, mwenye nyumba hutazama kulia na kushoto, kisha humimina saruji. Sote tulifanya hivyo. Matofali ya kwangu yako chini ya banda la pikipiki, na sijutii. Nani anataka wapimaji wa serikali waje kumkataza kujenga jiko?

Mbah Wagiyem, bibi jirani yangu, peke yake ndiye aliyekwenda kutoa taarifa. Alikuwa mjane, wanawe wawili wako mbali, kisiwani Kalimantan, na simu zao ni za sikukuu tu. Fundi wa shimo la choo alipokuta ukuta wa matofali mapana, bibi alivaa kebaya yake ya kuendea harusini, akapanda bodaboda hadi idara ya mambo ya kale.

"Mbah, umetuletea balaa!" alifoka Bu Tutik, mke wa mjumbe.

"Balaa gani? Nimeleta watu wanne, na chai wanakunywa kwangu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila asubuhi nilimsikia, "Mas Bagas, tempe inapoa!" na Bagas, mkuu wa wachimbaji, akijibu kutoka shimoni, "Naja, Mbah, usije ukanifukia humu!" Bibi alicheka mpaka akakohoa. Tumeishi ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa, na kicheko kile sikuwa nakijua.

Siku ya kumi na mbili Bagas akasema wameshapima na kuchora kila kitu. Kesho yake wangefukia, maana ukuta wa namna ile hudumu zaidi ukiwa ardhini.

Kulipokucha majirani tulikuja kutazama, na kipande cha bakuli la kijani kilikuwa kimechomoza shimoni. Bagas alikifuta, akakigeuza. Kingo zilizovunjika zilikuwa nyeupe, hazijashika udongo. Mimi nililijua bakuli lile. Mwaka niliofiwa na mume wangu, bibi aliniletea mchuzi ndani yake, nami nikalirudisha tupu, tena kwa kumtuma mtu.

"Mbah," Bagas alisema polepole, "hiki ni cha juzi."

Bibi alitazama ndala zake. "Nilidhani mtachimba siku mbili zaidi."

Hakuna aliyecheka, hata Bu Tutik. Nilimwonea aibu, kisha nikajionea mwenyewe. Bagas alimrudishia kipande chake mkononi, akaokota koleo.

"Fukieni tu, wanangu," alisema bibi. "Ila msifanye haraka."