Mama Waya aliyemzimia mgombea kipaza sauti

Jumapili asubuhi, kwaya haijaingia, Mama Waya amechuchumaa nyuma ya meza ya mitambo kanisani, bisibisi mdomoni. Anafuata waya uliotafunwa usiku.

"Panya wa kanisa hili hawana hofu ya Mungu," anasema, na kucheka.

Siku za kazi hutengeneza redio na feni kibandani, nyuma ya kituo cha mabasi. Siku nzuri hupata nauli na mboga. Siku mbaya, nauli tu. Posho ya kanisa kwa kusimamia sauti ndiyo inayolipa kodi ya kibanda. Posho hiyo nusura imponyoke msimu wa kampeni uliopita.

Mgombea mmoja wa ubunge alikuja ibadani na bahasha nene kwa ajili ya paa la kanisa, akaomba kusalimia waumini. Salamu zikazaa kampeni, kampeni ikazaa matusi kwa mpinzani wake. Mchungaji aliinamia Biblia yake. Wazee wa kanisa walikodolea macho bahasha.

"Nikaona hapa tunauzwa," anasema Mama Waya. "Nikashusha sauti mpaka chini kabisa."

Mgombea akabaki anarusha mikono, mdomo unafunguka na kufumbika bila neno. Watoto wakaangua kicheko. Alipoondoka, aliondoka na bahasha yake.

Mama mkwe wake, ambaye ni mmoja wa wazee wa kanisa, alimsubiri mlangoni kwao. "Wewe mtoto, umetuvua paa mchana kweupe!"

Jioni ile akaitwa barazani kwa wazee, akijua kibarua kimeota nyasi.

"Niliwaambia, wazee wangu, kanisa lisinyamaze. Zahanati inafungwa jioni, wajawazito wanajifungulia njiani, hayo tuyaseme. Ila madhabahu haipigwi mnada."

Mchungaji ndiye aliyesimama. "Kazi ile ya kumzuia ilikuwa yangu," alisema. "Mimi niliogopa, huyu binti yangu hakuogopa."

Hakuna aliyethubutu kumfukuza tena. Wagombea wote wakaalikwa ukumbini Jumamosi, wakapewa muda sawa, wakaulizwa maswali na yeyote, awe muumini au la. Mitambo ilisimamiwa na Mama Waya. Watu walijaa hadi madirishani, na kila mgombea akaahidi zahanati ya usiku mbele ya umati ule.

Aliyeshinda ni yule yule wa bahasha. Alipoanza kupiga chenga, mchungaji na waumini walimfuata ofisini kila wiki, mama mkwe akiwa mbele, mpaka akasalimu amri.

"Usiku nilioona taa ya zahanati inawaka, nililia barabarani bila aibu," anasema Mama Waya. Paa nalo limeezekwa, bati kwa bati, kwa mifuko ya waumini wenyewe.

Uchaguzi ujao anataka mdahalo ufanyike uwanjani, na anadunduliza anunue spika mbili kubwa. Mama mkwe amemchangia, kwa sharti moja.

"Ameniambia, 'Mwanangu, safari hii nina swali langu. Ole wako unizime.'"