Mgeni wa Samaki Mchimbaji

Samaki mmoja, mrefu kama kidole, amenigharimu mke na sebule. Nimehesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi ningecheka kama yangekuwa ya jirani.

Ni samaki wa baharini. Anachimba shimo mchangani, kisha analijengea ukingo kwa vijiwe anavyobeba mdomoni. Nilimnunua Mombasa nikamleta hapa Machakos, nikamwekea tangi la kioo sebuleni. Muuzaji alitaka kuniuzia na gunia la mchanga. Mimi? Mkamba auziwe mchanga? Si mchanga wetu ndio umejenga Nairobi? Nikachukua samaki na chumvi yake, basi.

Nikaenda mto mmoja mkavu upande wa Masinga. Saa sita mchana, hakuna lori, hakuna mtu, ila jamaa mmoja amekaa ndani ya shimo, mchanga umemfika kifuani. Kope zimejaa mchanga na hapepesi macho. Hapo ningetoroka. Lakini mimi nikiwa kwa bei sioni kingine.

"Ndoo mbili ni ngapi, mkubwa?"

"Chukua bure."

Bure! Niamini, neno hilo sijawahi kulisikia mtoni.

"Bure haiwezekani. Sema kitu."

"Nimechoka kukaa hapa. Kwako kuna kiti?"

"Viti ni vingi. Karibu siku yoyote," nikamjibu, vile sote hujibu bila kumaanisha. Hata sikumwambia ninakaa wapi.

Samaki alianza kuchimba siku hiyo hiyo. Mwanzoni alitoa vijiwe. Baadaye akatoa ukucha. Wa binadamu, wa kidole gumba. Akauweka vizuri juu ya ukingo wake, kama mtu anayepanga vikombe kabatini. Nikautupa kabla Mwende, mke wangu, hajauona.

Jumapili tukitoka kanisani tukamkuta jamaa kwenye kochi, na kufuli la mlango nimelifungua mimi mwenyewe. Mchanga unamtoka masikioni polepole, kama unga kwenye chekeche.

"Huyu ni nani?" Mwende akauliza.

"Mgeni wa mwenye nyumba," jamaa akajibu. "Alinikaribisha."

"Ulimkaribisha?"

"Mwende, nilikuwa tu naongea."

"Basi endeleeni kuongea."

Jioni Mwende alikuwa kwa mamake, kule Kivaa.

Mchanga wote nimeurudisha mtoni. Samaki akakosa pa kuchimba, akafa. Jamaa hakusogea. Katekista alikuja kuomba atoke. Kila sala jamaa aliitikia "Amina" kwa sauti kumshinda. Hagusi chakula, hafumbi macho, hasumbui mtu. Nafagia asubuhi, jioni sakafu imejaa mchanga tena.

Wewe unayetaka samaki warembo nyumbani, nunua mchanga ulioambiwa ununue, tena kwa bei uliyoambiwa. Na mtu akikataa pesa yako, kiache kitu chake hapo hapo.

Mwende amesema atarudi siku jamaa atakapotoka, si kabla. Sasa niambieni nyinyi mliolelewa na adabu: mgeni ambaye hajakukosea chochote, unamwambia nini ndiyo ainuke?