Vichupa Vinne vya Zilpah

Kuna watu wanaogopa wachawi, kuna wanaogopa polisi, na kuna wanaume wazima wanaoogopa wake zao. Zilpah wa kisiwa cha Remba, ndani ya Ziwa Victoria, aliogopa kuishiwa. Usimcheke. Ungekuwa unalea mtoto ambaye uhai wake unakaa ndani ya kichupa kidogo, na dawa yenyewe inapatikana Mbita, ng'ambo ya maji, karibu saa tatu kwa boti ya injini, hata wewe ungeshika adabu.

Mtoto mwenyewe aliitwa Lynnet, mjukuu wake, miaka kumi na mmoja, mdomo mrefu kuliko mwili. Aliugua kisukari akiwa na miaka sita, na tangu hapo alidungwa insulini asubuhi na jioni. Mama yake, Scovia, alikuwa Masara kule Migori akiosha mchanga wa dhahabu, na alituma chochote alichopata. Waliobaki nyumbani ni wawili tu, bibi na mjukuu, katika chumba kimoja cha mabati kilichobanana na vyumba vya wenzao. Zilpah alikuwa mzaliwa wa Oyugis, mjane, mwanikaji wa omena, wale dagaa wa ziwani, na ulimi wake ulikuwa mkali hata kwa wateja.

Uoga wake ulianza mwaka ule magugumaji yalipoziba ufuo na boti zikashindwa kutoka siku tisa. Dawa ilibaki kidogo chini ya kichupa. Siku hizo tisa Zilpah hakula wala hakulala vizuri, alikuwa akikishika kichupa na kukitazama kwenye mwanga. Magugu yalipoondoka akaapa kwamba hilo halitamkuta tena.

Basi akaanza kujiwekea. Polepole, safari hii mfuko wa unga, safari ile maharagwe, safari nyingine chumvi, kiberiti, sabuni na dawa ya kusafishia maji. Nyuma ya pazia alipanga madebe mpaka kitanda kikasogezwa ukutani. Akatia kufuli mlangoni, ufunguo akaufunga kwa uzi shingoni, na hakumwambia mtu. Lynnet alikatazwa kabisa kutamka neno unga mbele za watu.

Dawa nayo ilikuwa na nyumba yake. Nesi wa Mbita alimfundisha kutumia vyungu viwili. Kidogo kinaingia ndani ya kikubwa, katikati unajaza mchanga, halafu unaumwagia maji asubuhi na mchana. Upepo ukipita, chungu cha ndani kinapoa. Nesi alieleza mambo mengi siku hiyo, lakini Zilpah alipoambiwa kwamba joto linaiua dawa, moyo ulimruka na mengine yakampita. Alirudi Remba akijua jambo moja, joto ni adui. Miaka mitano aliumwagia mchanga ule maji bila kukosa.

Mwaka huu mwezi wa tatu mafuta yakaadimika. Mwanzoni watu walifanya mzaha, wakasema ni wafanyabiashara wanaficha, wiki ijayo yatarudi. Wiki ijayo ikaja mikono mitupu. Boti zikafungwa ufuoni moja baada ya nyingine. Maduka ya kisiwa yakaisha unga, yakaisha sukari, kisha na mlingoti wa simu ukazima kwa kukosa mafuta ya jenereta. Hapo ndipo watu walipoacha mzaha.

Zilpah alikuwa tayari, au ndivyo alivyojiambia. Chakula cha miezi miwili. Vichupa vinne ambavyo havijafunguliwa, na kimoja kilichokuwa kikitumika, kimebaki robo. Alipaswa kulala kama mfalme. Wapi! Kila alipofumba macho aliona kitu kingine kinachoweza kuharibika.

Siku moja akaja Milka, mke wa Elijah mwenye boti, akiwa na bakuli chini ya leso. Milka alikuwa na watoto sita na hakuwa mtu wa kuombaomba.

"Mama Scovia, nisaidie gorogoro moja ya unga. Moja tu. Mafuta yakirudi nitakuletea."

Zilpah akapiga hesabu. Akimpa huyu mmoja, jioni kisiwa kizima kitakuwa mlangoni. Akasimama mbele ya kufuli na kueneza mikono.

"Yawa, Milka! Hata mimi nimekaukiwa. Tunakunywa uji wa jana."

Milka aliitazama kufuli, akamtazama Zilpah, akasema sawa, Mama, Mungu atatujalia. Akaenda zake na bakuli lake. Lynnet alikuwa amekaa kizingitini na alisikia kila neno.

"Dani, umedanganya," alimwambia bibi yake.

"Nimekudanganyia wewe. Nyamaza."

Joto nalo likazidi. Hakukuwa na mvua wala upepo, mabati yalikuwa yanalia kwa jua tangu asubuhi. Zilpah akatia mkono ndani ya chungu na akaona si baridi ya kutosha. Akamwaga maji. Baada ya saa moja akatia mkono tena. Mchana huo alikwenda kwenye chungu mara nane, na kila mara joto la mkono wake mwenyewe lilimtisha zaidi.

Jirani yake wa upande wa ufuo alikuwa Boaz, mnunuzi wa samaki. Boaz alikuwa na sanduku kubwa la barafu, limejazwa pomoni na boti ya mwisho iliyotoka bara, na ndani yake alikuwa amelaza mbuta akisubiri boti ya kuwavusha ambayo haikuja.

"Humu ndani mbuta anakaa siku kumi," Boaz alijisifu, "na macho yake bado yanakutazama."

Kwa mtu wa Remba hayo ni maneno mazito. Kisiwa kizima kinakula kwa sababu ya barafu. Ikikosekana, samaki wa asubuhi anatupwa jioni. Zilpah alikuwa ameiona barafu ikiokoa kila kitu tangu aolewe huku, na hakuwahi kuiona ikiharibu chochote. Akavitoa vichupa vinne chunguni, akavitia ndani ya kopo la majani ya chai, akamwomba Boaz alisukume chini kabisa, katikati ya mabonge. Kile kilichofunguliwa alikiacha chunguni kwa sababu alikihitaji karibu. Usiku huo alilala, tena alikoroma.

Siku tisa baadaye kichupa cha chunguni kikaisha. Zilpah alikwenda kwa Boaz na kumkuta akigawa mbuta bure kabla hawajanuka, barafu yote imekuwa maji. Kopo lilikuwa linaelea. Kulifungua, kichupa kimoja kina ufa tangu shingoni mpaka chini. Akamshukuru Mungu kwa vile vitatu vilivyosalimika, akakimbia navyo nyumbani.

Jioni alikibingirisha kimoja viganjani kama alivyofundishwa, dawa ichanganyike iwe nyeupe kama maziwa. Lynnet akainama na kuchungulia.

"Dani, hii dawa iko na chengachenga."

"Ni macho yako."

"Zinashika kwa kioo. Angalia basi."

"Lynnet! Leta mkono."

Ukali ule ulikuwa woga mtupu. Zilpah alikuwa ameziona chenga, lakini kuzikubali kulimaanisha kwamba hakuna dawa kisiwani, na hilo hakuweza kulibeba. Akamdunga. Asubuhi akamdunga tena. Jioni akafungua kichupa cha pili, pengine hicho kina nguvu, na kumbe nacho kilikuwa na chenga zilezile.

Siku ya pili Lynnet alimaliza jagi la maji kabla ya jua kupanda, akaomba jingine. Akaenda choo, akarudi, akaenda tena. Kufika mchana alikuwa amelala sakafuni, midomo imepasuka, na mdomo huo mrefu haukuwa na la kusema. Zilpah akainamia uso wake. Pumzi ya mtoto ilinukia ndizi zilizoiva kupita kiasi. Harufu hiyo aliijua. Ndiyo iliyowapeleka hospitali mbiombio miaka mitano iliyopita.

Hapo sauti ya nesi ikamjia, maneno yote yaliyompita siku ile. Baridi ya chungu, mama, siyo baridi ya barafu. Ikiganda imekufa, usimpe mtoto.

"Nimemuua," alisema kwa sauti. "Uwi! Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu!"

Alitoka mbio bila viatu hadi kwa Elijah. Elijah alikuwa amekaa juu ya boti yake iliyopinduliwa, akishona wavu ambao hakuwa na pa kuutega.

"Nipeleke Mbita. Mtoto anakwisha."

"Kwa mafuta gani, Mama Scovia? Kisiwa kizima hakina."

"Wewe unayo."

Alisema tu, hakuwa na ushahidi. Lakini aliyekuwa amejificha nyuma ya kufuli kwa miaka alijua uso wa mtu mwenye akiba. Elijah akaacha kushona.

"Niko na mtungi mmoja," alisema polepole. "Nimeufukia. Nimeuweka wa watoto wangu, hali ikizidi niwatoe. Huo unanifikisha Mbita, haunirudishi. Sasa hawa nitawaacha na nini? Wiki mbili zimepita mke wangu alikuja kwako na bakuli."

Milka alikuwa mlangoni, amembeba kitindamimba, ameshasikia. Zilpah hakuweza kumtazama. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na chini ya aibu kulikuwa na hofu, kwa sababu kila neno lilikula muda wa mtoto. Akauvua uzi shingoni.

"Nilikudanganya," alimwambia Milka, akimsukumia ufunguo kiganjani. "Kuna unga, kuna maharagwe, kuna kila kitu nyuma ya pazia. Pika, watoto wale. Usinibakishie. Na chungu, kile chungu kinataka maji asubuhi na mchana..."

Chungu kitupu! Akili ilikuwa imeshamruka, hakujua tena anachosema. Milka aliutazama ufunguo, kisha akamgeukia mumewe.

"Elijah, si uchimbe hiyo kitu! Unangoja nini?"

Walivuka mchana wa jua kali. Lynnet alilazwa juu ya nyavu, leso iliyoloweshwa kichwani, akipumua kwa kina na kwa haraka kama mtu aliyepanda mlima. Zilpah alimshika kifua safari nzima akihesabu pumzi. Kila injini ilipokohoa, naye alikohoa. Elijah alishika injini nyuma. Alikuwa akigeuka kuitazama Remba inavyozidi kuwa ndogo, wanawe wakiwa huko, na hajui atawaona lini.

Mtungi uliishia mbele kidogo ya gati, wakamalizia kwa makasia. Hospitalini Lynnet aliwekewa maji ya mshipa na insulini nzima, na daktari akasema wangechelewa mpaka jioni, pengine wasingekuwa na mazungumzo haya. Zilpah alikalia kiti cha mbao siku mbili.  Siku ya tatu Lynnet alifungua macho na kuuliza kama vile vichupa vilikuwa na chenga au hazikuwepo.

"Zilikuwepo," Zilpah alijibu. "Uliona vizuri. Bibi yako alikuwa anaogopa."

Mafuta yalichukua wiki tatu nyingine kurudi. Wiki tatu hizo Elijah alibeba mizigo gatini na hakupata hata salamu kutoka nyumbani, na kila asubuhi Zilpah alikwepa macho yake. Aliogopa kwa ajili ya watoto wa watu sasa. Alirudia kuhesabu kichwani madebe yake, akiyagawa kwa midomo saba, na kila mara hesabu ilikataa.

Waliporudi Remba, watoto wa Elijah waliingia majini kuilaki boti. Zilpah aliwahesabu kwa kidole. Sita. Wamekonda, ila wote sita, na mama yao nyuma yao. Akakaa palepale mchangani.

Milka alimpa ufunguo na kumfungulia njia. Nyuma ya pazia madebe yalikuwa yamepangwa vilevile, karibu yote matupu. Milka alisema hakula peke yake, kwa Boaz nako watoto walikuwa wakilia, na kwa wengine pia, na asamehewe kwa hilo. Zilpah alikuwa ameshampita. Alikuwa na vichupa vipya kifuani, vimefungwa ndani ya kitambaa, na alitaka kuviweka kwanza mahali pake.

Alipiga magoti mbele ya chungu akitegemea kukuta mchanga mkavu na nyufa. Mchanga ulikuwa umelowa. Akatia mkono ndani ya chungu kidogo, akaushikilia humo. Kilikuwa baridi.

"Milka," aliita. "Hiki kilikuwa kitupu. Hakikuwa na kitu ndani."

"Najua, nilichungulia," Milka alisema. "Lakini ulisema kinataka maji asubuhi na mchana. Sasa mimi ningejuaje mtoto atarudi siku gani?"